Unategemea Nini Kikuponye?

Miaka ile ya Mwingereza nilikuwa nauza asali na dagaa katika soko la Tabora. Dagaa walikuja kwa treni kutoka Kigoma, asali nililetewa na warina wa mapori ya Usoke, na chupa za kuitilia nilizipata kwa tabibu. Watu walinicheka kwamba asali yangu inanukia dawa ya kikohozi. Niliwajibu kwamba hiyo ni nyongeza, siwatozi.

Tabibu alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye zahanati ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Alikuwa amefundishwa kwamba yapo maradhi yasiyoshikika kwa sindano. Mtu hali, au halali, au anashinda akitazama ukuta, na mwilini hana hata mkwaruzo. Watu wa namna hiyo aliwaita Alhamisi alasiri, mmoja mmoja, akawakalisha mkekani wakasema yaliyowakaa. Yeye husikiliza na kuuliza kidogo. Aliponieleza mara ya kwanza nilimwambia kama kusikiliza ni tiba, basi sisi watu wa sokoni tungekuwa tumepona zamani.

Alinihitaji kwa sababu wagonjwa wengi walitoka vijijini, na mambo ya moyoni mtu huyasema kwa lugha ya mamaye. Kinyamwezi tabibu hakukijua hata cha kuombea maji.

"Nitakulipa, mama, kidogo kilichopo."

"Kidogo kaa nacho. Hizo chupa tupu unazipeleka wapi?"

"Hutupwa."

"Zitupie kwangu."

"Zote?"

"Na vizibo vyake."

Akacheka, tukapatana. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kupima matumaini ya watu.

Maana tabibu alikuwa na jambo lake. Kabla mgonjwa hajaanza kusema, alitaka kujua mgonjwa mwenyewe anategemea nini kimponye. Alisema kila mtu huja na mlango wake. Huyu anangoja dawa, yule anangoja babu yake marehemu amsamehe, na ukimbishia mtu mlango usio wake utabisha mpaka uote mizizi. Basi alipanga mabakuli manne mkekani. La kwanza ni la dawa. La pili ni la maneno ya mgonjwa mwenyewe, yaani kusema tu na kusikilizwa. La tatu ni la watu wa nyumbani. La nne ni la Mungu na wahenga. Mgonjwa hupewa komwe kumi za bao azigawe, penye tumaini kubwa atie nyingi, pasipo tumaini asitie kitu. Baada ya wiki kadhaa hupewa tena, ili ionekane kama tumaini limehama.

Mimi, mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, niliipenda kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza hiyo hiyo ikaharibika.

Mzee mmoja wa Lusu alizitia komwe zote katika bakuli la dawa, akajifuta mikono.

"Mzee wangu, unaiamini dawa kiasi hicho?" tabibu akauliza, nami nikafasiri.

"Hata kidogo," mzee akasema. "Lakini mwenye nyumba si ni wewe? Nije kwako, unikalishe, nimpe mwingine?"

Mama aliyemfuata alitia mbili mbili kila bakuli ili asinung'unike yeyote, hasa wahenga, ambao alisema wana wivu kama wake wenza. Zilizobaki akazifunga katika pindo la kanga.

"Hizo nazo, mama?"

"Hizi nakaa nazo. Huko mbele nani anakujua?"

Wa tatu alitaka kuelezwa kwanza lile bakuli la Mungu ni la Mungu wa msikitini au wa misheni. Tabibu akamwambia bakuli ni moja. Yule bwana akalitazama kwa huzuni, akalipita.

Jioni nilimwambia tabibu asishangae. Hapa kwetu mtu akiulizwa jambo mbele ya mwenyeji hutoa heshima kwanza. Akasema hilo amekwisha kuliona. Alhamisi iliyofuata alileta kawa kubwa la kufunikia chakula, la ukili, akalikata tundu la kuingiza mkono. Mabakuli yakafunikwa, mgonjwa akaonyeshwa lipi liko upande gani, kisha sisi tukatoka nje. Mzee wa Lusu aliporudi na kuingiza mkono wake humo, komwe karibu zote zilikutwa katika bakuli la watu wa nyumbani. Kumbe alikuwa na mwana kule Nzega aliyepita mlangoni kwake bila kumwamkia. Tabibu akamwita mwana, akaja, akamwamkia babaye. Sikuona mganga wala mchungaji aliyemnyoosha mtu mgongo upesi namna ile.

Sasa niseme habari ya ndugu yangu.

Alinifuata kwa kuzaliwa, na alikuwa mrina asali wa Usoke, mwenye mizinga mingi porini. Mwanangu wa pekee, kijana aliyekwisha kuota ndevu na kuchumbia, alikuwa akienda kwa mjomba wake huyo kila msimu. Msimu mmoja alipanda mti wa mjomba kutoa mzinga, akateleza, akaanguka. Walimleta mjini kwa treni ya mizigo, amefunikwa turubai. Miguuni alikuwa na katambuga, zile ndara za mpira wa gari, mpya. Nilimnunulia mimi mwenyewe siku alipoondoka, baada ya kumbishia fundi mpaka akachoka.

Katika matanga ndugu yangu alinijia kwa magoti. Nikamwinua mbele ya watu, nikasema ni kazi ya Mungu, sina neno naye. Watu wakanisifu sana. Mama yule ana moyo, walisema. Sifa ile niliipokea kama ninavyopokea kila kitu cha bure. Nami nilikuwa nimekwisha kufanya hesabu yangu: nikifungua mdomo kumlaumu mwenye mti, kesho yake mtu atauliza habari ya viatu nilivyomvisha.

Mwaka uliofuata zikaanza habari. Ndugu yako haongei. Ndugu yako amelala barazani siku mbili. Ndugu yako anazurura, wanamkuta anakwenda peke yake katika ile njia ya zamani ya wapagazi, wanamrudisha, anatoka tena. Mwishowe alichoma moto mizinga yake yote karibu na bani la kukaushia tumbaku la jirani, na upepo kidogo tu ungemaliza kijiji. Wakwe zake na mkuu wa kijiji wakasema yatosha. Walimleta Tabora kwangu, wakaeleza kwamba daktari mkubwa wa Kizungu atapita kwa treni mwisho wa mwezi, na akitia sahihi, ndugu yangu atapelekwa mbali kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili. Waliokwenda huko tuliwajua wawili. Hakuna aliyekuwa amerudi bado.

Nilimpokea vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, uzuri ule. Nilimtandikia kitanda cha mwanangu. Nikichinja kuku, paja ni lake. Nilimwita "mdogo wangu" kwa sauti laini ambayo hata wateja wangu wa asubuhi siwapi. Naye alikula akitazama sahani, akasema "ahsante, dada," akatoka kukaa uani juani. Mtu akimtendea mwenziwe hivyo, jirani huona upendo. Mimi kila nilipomwekea paja lile nilikuwa naona turubai.

Nilimwomba tabibu amtazame kabla ya daktari mkubwa kufika.

"Nitamtazama," akasema. "Lakini huyu anajua Kiswahili. Leo sikuhitaji ndani, mama. Kaa barazani."

Nikakaa barazani na chupa zangu, nikijifanya naosha vizibo. Nilichokijua mimi na tabibu hakukijua ni kwamba kawa huzuia macho, halizuii masikio. Mabakuli hayakuwa ya jamii moja. La dawa lilikuwa la bati jipya, likilia kama kengele. La maneno lilikuwa limezibwa tundu na fundi, likitoa sauti ya kukohoa. La Mungu lilikuwa la kaure. Na la watu wa nyumbani lilikuwa la mti, limetoka jikoni kwangu, na komwe ikianguka humo hugonga kama kidole mlangoni. Kila Alhamisi nilikuwa nimekwisha kuhesabu kwa sikio kabla tabibu hajahesabu kwa jicho.

Tabibu akatoka, akasimama uani. Ndani kukawa kimya. Kisha nikasikia mlango unagongwa. Ukagongwa tena. Polepole, moja moja, bila kengele, bila kikohozi. Zote kumi. Niliacha vizibo majini.

Tabibu aliingia, akafunua kawa. Nilisikia anauliza, "Watu wa nyumbani. Nani hasa? Mkeo?"

"La."

"Wakwe?"

"Hao wananiogopa tu, hawajakosa kitu."

"Nani, basi?"

"Dada."

"Dada yako anakulisha, amekupa kitanda. Unataka akufanyie nini zaidi?"

Nikasikia komwe zinatikiswa bakulini.

"Anikasirikie," akasema. "Anakasirika, naona. Lakini ananipa kuku."

Halafu akaeleza jambo ambalo sikulijua. Alisema alipokuwa akitoka Usoke kwa miguu, hakuwa anazurura. Ile njia ya wapagazi inakuja Tabora. Alikuwa anakuja kwangu, na kila mara walimkamata na kumrudisha, na habari iliyonifikia mimi ilikuwa kwamba kichaa amezidi.

Kwetu Unyamwezini jambo hili si geni. Mtu wa damu yako akiugua na dawa zikashindwa, watu huulizana nani ana neno naye, maana kinyongo cha ndugu humfunga mtu. Mwenye kinyongo huitwa, husema mbele ya watu lile lililomkaa, kisha hutia maji kinywani na kuyapuliza chini, na maneno yanakuwa yametoka. Mjini tulikuwa tumeacha, tukiona ni mambo ya mashambani. Nami nilikuwa nimesilimu kwa ndoa, naswali, najitanda vizuri. Lakini nilikuwa najua ninachotakiwa kufanya kama ninavyojua kilo ya dagaa mkononi.

Basi Jumapili niliita majirani wawili, nikaleta maji katika kata. Nikamkalisha ndugu yangu kwenye kigoda.

"Mdogo wangu," nikasema, "kama nina neno nawe, ni kwamba katika msiba hukuniletea habari mapema, nikazisikia stesheni. Hilo tu. Nalitoa." Nikapuliza maji, majirani wakasema amina, wakanywa chai.

Ndugu yangu alisema "ahsante, dada." Akarudi juani.

Alhamisi tabibu akampa komwe tena. Nilikuwa nimekaa barazani nikijiandaa kusikia kengele, au walau kikohozi. Mlango uligongwa mara kumi.

Tabibu aliponikuta nimekaa pale alikaa karibu yangu, jambo ambalo hakuwa analifanya.

"Daktari mkubwa anafika Jumamosi," akasema.

"Najua."

"Nikimwambia mgonjwa huyu hana anachokitegemea, atatia sahihi. Nikimwambia anategemea nyumbani, ataniuliza nyumbani pamefanya nini."

"Nimepuliza maji, bwana tabibu. Mashahidi wapo."

"Mama, wewe ni mtu wa soko. Mteja akija, bei ya kwanza unayomtajia ndiyo bei?"

Nilitamani kumtukana, na tusi zuri nilikuwa nalo, la pwani hasa. Badala yake niliuliza, "Na nikisema yote, akavunjika?"

"Sijui," akasema tabibu. "Nimempima anachokitegemea. Kitakachotokea sijakipima."

Nikaingia ndani. Ndugu yangu alikuwa bado mkekani, kawa limewekwa pembeni, bakuli la mti limejaa mbele yake. Nilikaa. Nilianza kwa ile sauti laini, "Mdogo wangu," na sauti ikakataa. Ilikatika kama uzi. Nikajisikia nasema Kinyamwezi, lugha ambayo tangu mama yetu afe sikuitumia naye.

"Mti ulikuwa wako. Mwenye mzinga ndiye hupanda. Baba alitufundisha sote. Kwa nini alipanda yeye?"

"Aliniomba."

"Aliniomba! Angekuomba akameze moto ungemwashia? Wewe ni mjomba wake. Nilikukabidhi mtoto, sikukukabidhi mzigo wa asali. Ulimwona ana katambuga?"

Akatazama bakuli la mti.

"Nakuuliza! Ulimwona ana katambuga miguuni anapanda?"

"Nilimwona," akasema.

"Mbona hukumwambia avue?"

"Nilimwambia. Akacheka, akasema mama amezipigania sokoni, hazivuliwi. Nami nikacheka. Nikamshikia kamba, tunacheka."

Nadhani nilimpiga. Tabibu baadaye alisema nilimpiga kwa kiganja begani, mara nyingi, naye hakujikinga. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nasema viatu vyangu, viatu vyangu, na kwamba ndugu yangu alikuwa akilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu matanga, na mimi sikumhurumia. Hilo nalo nimelihesabu mara mbili. Sikumhurumia. Maji ya kupuliza hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo kinywa changu hakikuwa na nafasi.

Sikupata amani. Nililolipata ni fedheha, kwa kuwa nilijua kwamba wema wangu tangu matanga ulikuwa fimbo, na kwamba alikuwa anaipokea kimya akidhani ni stahili yake. Ijumaa nilimpikia ugali na mlenda, nikauweka mbele yake kwa kishindo. Akala wote. Aliniuliza kama chumvi imekwisha. Nikamwambia kama anaitaka akanunue, soko lipo. Akaenda, akarudi nayo. Jirani aliyekuwa akipepeta mchele wake alinong'ona, "Leo dada mtu kapatwa na nini?"

Jumamosi daktari mkubwa alifika. Alikuwa Mzungu mzee, mstaarabu, mwenye haraka ya treni ya kurudi. Alimkagua macho na ulimi, akasoma aliyoandika mkuu wa kijiji kuhusu moto, akamwuliza tabibu maswali kwa Kiingereza. Wakwe wawili walikuwa wamekuja kutoka Usoke na kifurushi cha nguo za ndugu yangu, kimekwisha kufungwa. Kile kifurushi nilikitazama kuliko nilivyomtazama daktari. Nilijua kwamba nikitaka, nami ninaweza kunyamaza tu, sahihi itiwe, kitanda cha mwanangu kirudi kuwa kitupu kama nilivyokuwa nimekizoea. Wazo hilo lilipita, silifichi. Halikupita upesi.

Daktari akamgeukia ndugu yangu, akasema kwa Kiswahili chake cha kukwama, "Wewe nataka kwenda hospitali? Huko kuna kitanda, kuna chakula, kuna shamba ya kulima."

"Ni kuzuri, bwana," ndugu yangu akasema. "Lakini nitakwendaje? Dada hajamaliza."

"Hajamaliza nini?"

"Kunigombeza."

Mkwe mmoja akaguna. Daktari alimtazama tabibu, na tabibu akanionyesha mimi kwa kidevu. Daktari akanigeukia mimi.

"Wewe mama. Mtu huyu alichoma moto. Unakubali yeye kaa nyumba yako?"

Nilikuwa bado nimemkasirikia. Nilitaka kusema kwanza masharti, kama kawaida yangu, kwamba moto hatashika, kwamba kuni nitawasha mimi. Hayakutoka.

"Akae," nikasema.

Daktari aliandika maneno machache, akavaa kofia. Wakwe wakaniachia kifurushi bila kuniaga sawasawa. Tabibu akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama mtu anayempa mwenziwe pole.

Tulitoka, ndugu yangu mbele, amebeba nguo zake, mimi nyuma. Tulipita stesheni. Tulipoivuka reli nilikuwa nimekwisha kuanza tena: kwa nini siku ile hawakungoja umande ukauke kwenye gome? Naye, bila kugeuka, bila kupunguza mwendo, akaanza kunieleza walivyoamka asubuhi ile, nani aliwasha moto wa uji, na mwanangu alikuwa anaimba nini.